Okei za Karani wa Vibali

Karani wa vibali vya safari bandarini Moroni, Komoro, alikuwa na neno moja la Kiingereza, okei, aliloliokota kwa mamluki wa kizungu walipoipindua serikali mwaka wa sabini na nane. Akikunyooshea kidole, okei ilikuwa keti. Akipiga miayo, ilikuwa njoo kesho. Akiwa na kikombe cha chai mkononi, okei yake ndefu ilimaanisha hajakusikia wala hana nia. Kwa mzungu mwenye bunduki alisimama wima kwanza, ndipo akaitoa, fupi na safi kama saluti.

Ijumaa moja Bi Dhakia alipata nafasi ya mwisho katika chombo cha kwenda Mutsamudu, kisiwa cha pili, ili amwahi mama yake aliyekuwa mahututi. Mamluki mmoja akaingia, akaitaka nafasi hiyo kwa ajili ya mbwa wake. "Okei," karani akasema, akalikata jina la Bi Dhakia. Kisha, kwa kuwa fomu ni fomu, akaandika jina la mbwa na kuuliza la baba yake.

"Andika lako, bwana karani," Bi Dhakia akamwambia. "Adabu mnafanana."

Foleni nzima tulicheka. Saa tisa chombo kiling'oa nanga na mbwa ndani. Bi Dhakia alibaki gatini, ameshika dawa za mama yake.