Samaki Waliovaa Rangi ya Bibi Harusi

Samaki akishapita mikononi mwa Nibharani, watu huona haya kumla. Humshonea sari nyekundu ya kipimo chake, humtoboa pua na kumtia kipini cha uzi wa dhahabu, humpaka tone jekundu katikati ya macho, kisha humlaza kwenye sinia kama bibi harusi aliyechoka kusubiri gari. Katika mtaa wao wa Howrah, ng'ambo ya mto kutoka Kolkata, bwana harusi hapeleki manjano ya kumpaka mchumba wake kabla ya harusi bila samaki rui mnene aliyepambwa hivyo, na mpambaji ni Nibharani. Yeye mwenyewe hakuolewa. "Nimewaozesha wengi," husema, "na hata mmoja hajarudi kulalamika."

Basi ilipofika zamu ya Ghontu, mtoto wa kaka yake aliyemlea tangu anatambaa, mtaa mzima ulitega macho uone shangazi atatoa sinia gani.

"Rui mvalishe kama kawaida," Ghontu alimwambia. "Ila Tiyasha anataka na wengine walio hai. Wale wadogo wenye mistari ya waridi na buluu, wanaong'aa kama taa za dukani. Nimeshamwahidi, shangazi. Hata tangi la kioo nimenunua."

"Umeahidi kabla ya kuniuliza?"

"Nilishikwa na mapenzi."

"Ulishikwa na ujinga. Vaa viatu twende."

Wakaenda soko la Jumapili, mahali ambapo kasuku hutukana wapita njia na samaki huning'inia kwenye mifuko ya maji kama matunda. Muuzaji wao alikuwa Haru Dolui, jirani yao wa zamani. Nibharani alipoiona ile mistari, moyo ulimruka. Alikuwa mtu wa rangi. Angeweza kukosa chakula cha mchana kwa ajili ya utepe mzuri. Aliinama mpaka miwani ikagusa mfuko.

"Haru, na watoto wao huzaliwa na mistari hivihivi?"

Haru akacheka. "Mistari ya sindano hiyo, dada. Samaki mwenyewe hana rangi, ni kama kioo kitupu. Wanamdunga rangi chini ya ngozi, mmoja mmoja."

"Akiwa hai?"

"Akifa nani atamnunua?"

"Na wanapona?"

Haru alijikuna shingo. "Waliopona ndio hawa unaowaona. Na rangi yenyewe haidumu, baada ya miezi michache inachujuka. Wewe jirani yangu, siwezi kukudanganya."

Nibharani alitazama ncha za vidole vyake, zilizokuwa ngumu kwa sindano za miaka yote.

"Shangazi," Ghontu alinong'ona, "juzi tu umemtoboa pua rui wa watu!"

"Alipiga kelele?"

"Hapana, lakini..."

"Yule nilimkuta ameshamaliza shida zake. Hawa bado wanazo."

"Lakini hawa wameshadungwa. Tukiwaacha, sindano itafutika?"

Swali hilo lilimchoma, maana lilikuwa la haki. Samaki mmoja wa waridi alikuja mpaka mbele ya pua yake, akawa anafungua na kufumba mdomo. Nibharani alitamani kumchukua huyo tu, amtake radhi nyumbani.

"Haitafutika," alisema mwishowe. "Lakini nikiwabeba hawa leo, Haru ataagiza wengine wajaze nafasi yao. Si ndivyo, Haru?"

"Ndivyo, dada. Biashara."

"Basi sindano ya hao wengine nitakuwa nimeishika mimi."

Chini ya meza palikuwa na ndoo ya samaki walewale ambao hawajadungwa. Haru aliwauza wawe chakula cha samaki wakubwa. Ungeweza kuwahesabu mifupa. Nibharani akachagua waliochangamka. Ghontu alirudi nyumbani amenuna, kabeba mfuko mbali na mwili wake. "Hawaonekani hata! Wakwe watasema tumewapelekea maji."

Na ndivyo walivyosema. Asubuhi ya manjano wanawake wa mtaa walibeba masinia kwa vigelegele mpaka kwa akina Tiyasha. Bwana harusi, kwa desturi, akabaki nyumbani. Rui alisifiwa mpaka kipini chake. Kisha mama mdogo wa bibi harusi akainamia bakuli la kioo walimobebwa wale samaki wadogo.

"Jamani, mmetuletea maji? Mbona bomba letu halijakatwa!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Masikio ya Nibharani yakawaka moto. Akamwendea Tiyasha, aliyekuwa amekaa na sari ya njano, mashavu yamejaa manjano.

"Mwanangu, wale wa mistari wapo sokoni. Nimeshindwa kuwanunua. Wanadungwa sindano wakiwa hai. Ghontu hana kosa, nikasirikie mimi."

Tiyasha akainuka, akapiga magoti nyuma ya bakuli na kusogeza uso wake karibu na kioo.

"Wamegeuka!" akapiga kelele mtoto mmoja aliyekuwa upande wa pili. "Wamekuwa njano!"

Ilikuwa kweli. Sari ya bibi harusi ilipenya katika miili ile, ikaonekana mgongoni na mkiani, na mifupa ikakaa ndani yake kama mshono mwembamba wa fundi. Mama mdogo akamsukuma Tiyasha kando, akasimama yeye na sari yake nyekundu. Samaki wakawa wekundu. "Na mimi!" "Nipishe, yangu ya kijani!"

"Taratibu, msiwatishe!" Nibharani alisema, huku machozi ya kicheko yakimtoka. Miaka yote amewashonea samaki nguo, hajawahi kuona samaki akivaa bila uzi.

Simu ikalia. "Shangazi," Ghontu aliuliza, "amekasirika?"

"Atakasirika saa ngapi? Anawavalisha samaki."

Siku hizi tangi liko chumbani mwa wanandoa, karibu na dirisha. Kila asubuhi Tiyasha hutundika sari nyuma yake, na Nibharani, akikaanga biringanya jikoni, hupaza sauti:

"Leo wamevaa nini?"

"Zambarau, shangazi!"

"Waambie wamependeza."