Kisima cha Katekista Severini

Mama yangu hawezi tena kutembea zaidi ya kutoka kitandani hadi barazani, ndiyo maana nilikwenda mimi. Alinikabidhi dumu la lita tano nilijaze kwenye kisima cha Katekista Severini, apakwe miguuni huku akisali. Roma haijamtangaza, lakini kwetu Ugogo wengi wanamwita mtakatifu, na kila kiangazi waumini wanahiji mahali alipoishi.

Alfajiri tuliondoka Nzuguni kwa basi dogo la kukodi, tukashika barabara ya Mtera. Viti vya nyuma vilikuwa vimejaa madumu makubwa matupu. Sikuyatilia maanani.

Kituo cha kwanza kilikuwa mabaki ya tembe alimofundishia dini. Hapo mwenyekiti wetu wa hija, mstaafu mmoja mwenye sauti nzuri, alitusimulia habari za mwaka wa njaa. Katekista alichimba kisima mchangani, kwenye korongo kavu, akawa analala kando yake ili wenye nguvu wasiwafukuze wanyonge. Watu walilia. Hata mimi nililia.

Saa tano tuliteremka korongoni. Kisima chenyewe ni shimo tu kwenye mchanga. Maji yanachuruzika taratibu kutoka chini, unayachota kwa kopo. Wanawake wa kijiji walikuwa wamepanga foleni na ndoo zao.

"Tumsifu Yesu Kristo, akina mama," mwenyekiti aliwaambia. "Tupisheni kidogo, tuna ibada."

Wakapisha. Mimi nilikuwa wa pili kuchota. Baada yangu wenzangu walijaza dumu baada ya dumu huku wakiimba, mpaka kopo likaanza kukwangua tope. Nikamgeukia mama mmoja mtu mzima, ambaye wenzake walimwita Mama Mbeleje.

"Shikamoo, mama. Kitajaa tena lini?"

"Marahaba, mwanangu. Labda kesho."

"Na leo mtakunywa nini?"

"Tutaangalia," alisema, akaipindua ndoo yake na kuikalia.

Damu ilinichemka. Nilimwuliza mwenyekiti mbele ya watu wote kama haoni aibu, yeye aliyetufanya tulie asubuhi ile ile kwa habari za wanyonge.

"Dada, usituharibie hija," alinijibu. "Hawa ni wenyeji, wamezoea."

Nikammiminia Mama Mbeleje lita zangu zote tano. Hakuna mwenzangu hata mmoja aliyefanya vile. Mmoja alikaza kifuniko cha dumu lake.

Alasiri, kaburini kwa katekista, mwenyekiti alituongoza kuwaombea wanakijiji mvua. Nilikataa kupiga magoti. Nilisimama nimefumba mdomo, na hasira ile ninayo mpaka leo.

Jioni mama aliniuliza maji yake yako wapi. Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ukutani.

"Nilikutuma jambo moja tu," alisema.

Nilijifunza kwamba watu wanaweza kumpenda mtakatifu na wasimsikilize hata kidogo. Nilitaka kuishia hapo. Lakini asubuhi yake mwenyekiti alipita nyumbani na chupa ya maji ya kisimani, zawadi kwa mgonjwa. Mama alimshukuru karibu alie. Mikono yake haifiki miguuni, kwa hiyo nilichuchumaa nikamsugua mimi, kwa maji ya akina Mama Mbeleje, polepole, nisimwage hata tone.