Meza ya Limau ya Mzee Dozi

Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika mtaani. Kwa kuwa alitumia ujana na utu uzima wake kutoa dawa kwenye dirisha dogo la zahanati, watu walimwita Dozi, na alipostaafu wakamwongezea "Mzee" mbele, basi. Hata mkewe, msusi mwenye kibanda chake pembeni mwa barabara, akimtafuta nyumbani huita, "Dozi! Uko wapi?" naye huitika bila kinyongo.

Kazi aliiacha, lakini kazi yenyewe haikumwacha. Jikoni kwake kila kopo lilibandikwa karatasi nyeupe yenye herufi kubwa za wino mweusi: CHUMVI. MCHELE. MAJANI YA CHAI. Chini ya jina aliweka na maelezo ya matumizi. Kwenye kopo la pilipili aliandika, "Kidogo tu. Usiguse macho." Wageni walimtania kwamba ipo siku mkewe ataamka na karatasi kwenye paji la uso: "MKE. Weka mahali pakavu, mbali na jua." Mzee Dozi alicheka pamoja nao, huku kidole chake kikikandamiza ncha ya karatasi iliyoanza kubanduka.

Jambo moja tu halikumchekesha. Mdogo wake wa kike, ambaye kwa mama yao walizaliwa wao wawili peke yao, alikuwa haji tena nyumbani kwake.

Mdogo wake huyo alikuwa fundi cherehani. Watoto wa ukoo walimwita Shangazi, na wakubwa nao wakaiga mpaka jina likamganda. Kila kiangazi, joto linapowakaba watu ndani ya nyumba, ndugu hukusanyika Jumapili uani kwa Mzee Dozi, chini ya turubai, wakala, wakanywa vitu vya baridi, wakataniana mpaka jua lilegee. Shangazi ndiye aliyekuwa chumvi ya kikao. Alikuwa anaweza kuiga mwendo wa kila shemeji na kikohozi cha kila mjomba.

Halafu akaambiwa ana kisukari. Kuanzia hapo, kila aliponyoosha mkono, macho ya watu yaliufuata mkono. "Shangazi, hiyo tamu!" "Shangazi, hebu weka chini!" Na sauti iliyopaa kuliko zote ilikuwa ya kaka yake, maana yeye alijua kwa undani sukari inavyoweza kumfanya mtu, na hofu yake ilitoka kama amri. Jumapili moja Shangazi aliinuka, akajitanda mtandio, akasema, "Mimi si mbuzi wa kuchungwa nisile mahindi ya watu. Kiu yangu nitaikata kwangu." Tangu siku hiyo, kila akialikwa alikuwa na nguo ya mteja ya haraka. Nguo hiyo ya haraka haikuisha kushonwa kiangazi kizima.

Mzee Dozi alimkosa kuliko alivyokubali kusema. Alipeleka dukani kwa Shangazi mashati mazima ili yapunguzwe, kisha akayarudisha ili yaongezwe. Walizungumza habari za vifungo na nyuzi. Akijaribu kuuliza, "Kliniki wanasemaje?" Shangazi hujibu bila kuinua macho kwenye cherehani, "Kliniki iko palepale," na gurudumu la cherehani likazidi kukimbia.

Basi kiangazi kingine kilipoanza kunukia, mkewe alirudi kutoka kibandani na wazo alilolipata kwa mteja wake.

"Safari hii hatutengenezi sharubati," alisema. "Tutaweka meza ya kujichanganyia."

"Ya kujichanganyia nini?"

"Limau. Huku unaweka limau lililokamuliwa, kali kama lilivyo. Huku shira. Huku maji baridi, barafu, mnanaa, tangawizi. Kila mtu na glasi yake, anachanganya anavyotaka. Anayependa tamu, haya. Anayetaka kali mpaka macho yamtoke, shauri yake. Hakuna wa kummiminia mwenzake."

Mzee Dozi aliuliza, "Na wifi yako?"

"Si ndiyo nakuambia! Wifi atajichanganyia kama watu wengine. Glasi ya limau ni glasi ya limau, nani atajua ndani yake mna nini?"

Akampigia simu hapo hapo. Mzee Dozi alisogea karibu akajifanya anapanga viatu. Mkewe alisema, "Njoo wifi yangu. Hakuna wa kukumiminia, hakuna wa kukuchunga." Upande wa pili sauti ya Shangazi ikasikika, "Na huyo mumeo?"

"Huyo niachie mimi."

Jumamosi Mzee Dozi alifanya kazi kama mtu aliyerudishiwa ujana wake. Aliyabiringisha malimau mezani kwa kiganja mpaka yakalainika, akayakata, akayakamua, akachuja mbegu mara mbili. Shira aliichemsha kwa sukari ya kahawia, kwa sababu sukari kavu ukiitia kwenye maji ya barafu huzama chini ikalala. Aliikoroga mpaka punje ya mwisho ikayeyuka, akaiacha ipoe, ikawa na rangi ya chai nyepesi. Akatwanga tangawizi na kuikamulia kwenye kitambaa. Akachambua mnanaa jani kwa jani. Matango na machungwa aliyakata vipande vyembamba vya kupitisha mwanga.

"Naona zahanati imefunguliwa," mkewe alimwambia akipita.

"Pisha foleni, mama," alijibu, na uso wake ukang'aa.

Kama angeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo. Jumapili mchana meza ilikuwa tayari imetandikwa kitambaa cheupe chini ya turubai, glasi zimepinduliwa kwenye trei, chupa zimezibwa, majagi yamefunikwa wavu wa kuzuia nzi. Mkewe akatoka kwenda kununua barafu. Mzee Dozi akabaki peke yake na vyombo visivyo na maandishi, na vidole vyake vikaanza kumwasha.

Akaleta karatasi, gundi na kalamu. LIMAU: "Sehemu moja kwa sehemu tatu za maji." SHIRA: "Vijiko viwili. Visizidi." TANGAWIZI: "Kwa uangalifu." Kisha, kwa mapenzi kabisa, hilo lazima lisemwe, akachukua jagi dogo, akamchanganyia mdogo wake kwa mkono wake: limau, maji, mnanaa, tango. Alionja, akapunguza ukali, akaonja tena mpaka akaridhika. Akaliweka mwisho wa meza, mbali kidogo na mengine, na akalibandika karatasi ya wino mwekundu, ule aliokuwa akiutumia zamani kwa dawa zenye masharti: SHANGAZI TU. HAINA SUKARI.

Akarudi nyuma hatua kadhaa, akaitazama meza, moyo ukamjaa.

Ndugu wakaanza kuingia, na katikati yao Shangazi, ndani ya gauni jipya la maua alilojishonea. Ua ulilipuka kwa vigelegele. Mtu alimkumbatia, mwingine akampokea mkoba, watoto wakamning'inia. Shangazi alimpa kaka yake mkono, akamwambia, "Naona shati nililokupunguzia limekubana," na Mzee Dozi akalivuta shati kifuani kwa furaha. Kisha Shangazi akachukua glasi, akaisogelea meza akiwa anatabasamu.

Lakini mbele yake alikuwa ametangulia ndugu wa mkewe Mzee Dozi, fundi bomba mwenye tumbo na sauti kubwa kuliko tumbo. Huyo aliona maandishi, na mzaha ukampanda.

"Foleni, foleni!" alinguruma. "Wagonjwa wote wapange foleni, mtoa dawa amefika kazini! Limau, sehemu moja kwa tatu! Shira, vijiko viwili, visizidi! Mnasikia? Tangawizi, kwa uangalifu, wajawazito wamwone daktari!" Hilo la mwisho alilitunga mwenyewe, na watu wakaangua kicheko. Naye akaendelea na pumzi ileile, "Na hii hapa... Shangazi tu, haina su..."

Akakatika. Kicheko nacho kikakatika.

"Shangazi!" mtoto mmoja aliita kwa nia njema. "Yako hiyo hapo mwisho!"

Macho yote yakaenda kwenye mkono wenye glasi. Shangazi aliirudisha glasi kwenye trei, akaipindua kama alivyoikuta. "Ahsante, kaka," alisema taratibu. "Umenipa mpaka foleni yangu peke yangu." Akaingia ndani, na kila aliyemwona alijua kwamba anafuata mkoba wake.

Mkewe Mzee Dozi akawa anaingia na barafu kifuani, maji yanamchuruzika. Alitazama nyuso, akatazama meza, akaona wino mwekundu. Hakuhitaji kusimuliwa.

"Dozi!"

"Nimekosea nini? Kweli haina sukari! Nimeonja mwenyewe!"

"Nani kakuuliza kama ina sukari?" Aliiweka barafu chini kwa kishindo. "Hebu nijibu. Kule dirishani, mtu akija na ugonjwa wake, ulikuwa unasimama ukautangaza kwa foleni nzima?"

Mzee Dozi aligeuka kulitazama lile jagi dogo.

Hakuwahi. Na hicho ndicho alichojivunia kuliko vyote. Mtu akifika dirishani, Dozi alimwashiria asogee, akainama, akamweleza kwa sauti ya kunong'ona. Dawa aliifunga kwenye karatasi ngumu, akaikunja pembe zote, ili huyo mtu akigeuka kuipita foleni asijulikane kama amebeba dawa ya minyoo au ya jambo zito. Watu asiowajua hata majina aliwafichia siri zao kwa bidii namna hiyo. Na huyu aliyelala naye kitanda kimoja utotoni, akagombania naye blanketi, amemwandikia wino mwekundu.

Akaenda mezani akaanza kubandua. Gundi ilikuwa yake mwenyewe, ya kazi, haikukubali kirahisi. Alikwangua kwa kucha, karatasi zikachanika vipandevipande, wino ukamchafua vidole. Alibandua ya jagi dogo kwanza, kisha zote. Sharubati ya lile jagi aliimimina kwenye glasi za waliokuwa karibu, kila mmoja kidogo, na jagi lenyewe akalijaza maji ya kunywa.

"Sasa tutajuaje kipi ni kipi?" aliuliza fundi bomba, ambaye sasa alikuwa mpole kama aliyemwagiwa maji.

"Onja."

"Onja? Wewe, Dozi, unatuambia tuonje?"

"Una ulimi au huna?"

Fundi bomba alinyakua chupa iliyokuwa karibu, akajimiminia nusu glasi, akaigugumia kishujaa. Ilikuwa tangawizi tupu. Macho yalimtoka, machozi yakamtiririka, akabaki anapepea ulimi kwa mikono miwili. Ua mzima uliangua kicheko, kila mtu akakimbilia meza kujaribu bahati yake. Huyu anakunja uso kwa limau, yule anatafuta shira, watoto wanapigania barafu. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutazama glasi ya mwenzake.

Mzee Dozi alimkuta mdogo wake jikoni, mtandio kichwani, mkoba begani, amesimama mbele ya makopo yenye maandishi.

"Nimebandua," alisema.

"Umebandua nini?"

"Zote."

"Hata ya shira?"

"Ile haihitaji, ina rangi yake." Alijisikia anavyosema, akaona haya. "Nisamehe, mdogo wangu. Niliogopa."

Huko nje fundi bomba alisikika akiomba maji kwa jina la marehemu bibi yake. Pembe ya mdomo wa Shangazi ikacheza.

"Na mimi nikienda mezani, wewe utakuwa wapi?"

"Utakaponiambia."

"Ukutani. Uso ukutani."

"Kama mtoto aliyechelewa shule?"

"Huyo huyo."

Basi watu waliona kituko: Mzee Dozi, na mvi zake, amesimama nyuma ya turubai, mikono mgongoni, uso kwenye ukuta wa ua. Mkewe alipowaona watoto wanataka kuuliza, aliwapa vipande vya machungwa. Nyuma yake Mzee Dozi alisikia hatua za mdogo wake, akasikia barafu ikigonga glasi. Akasikia kitu kikimiminwa, halafu kingine. Kizibo kikafunguliwa. Kizibo cha nini? Shingo ilimwuma kwa kutaka kugeuka. Kijiko kikazunguka kwenye glasi, kikatulia, kikazunguka tena. Mzee Dozi alikodolea macho ukuta, jasho likamshuka kwenye kola.

Hatua zikamjia. Shangazi akasimama pembeni yake, bega kwa bega, naye akautazama ukuta.

"Hugeuki?"

"Sijaruhusiwa."

"Wala huulizi?"

Swali lilikuwa tayari limemfika kooni. Alilimeza. "Huu ukuta," alisema, "unahitaji rangi."

Shangazi alicheka, kile kicheko chake kirefu ambacho ua ule ulikuwa haujakisikia tangu kiangazi cha juzi, hata walioko mezani wakageuka. Akavuta funda, akaugulia ubaridi.

"Unahitaji kweli. Na ule ufa pale chini, ni mchwa."

"Ni mvua."

"Mchwa, kaka."

"Mvua! Nyumba yangu, mvua yangu, uniambie wewe?"

Shangazi alivua mtandio, akauning'iniza kwenye kamba ya kuanikia nguo, akachuchumaa ili amwonyeshe alama za mchwa. Mzee Dozi naye akachuchumaa, magoti yakilalamika. Glasi yake Shangazi aliiweka chini kati yao, imejaa nusu. Mpaka walipoitwa kwenda kula walikuwa bado wanabishana, na kaka mtu hakuitazama ile glasi hata mara moja.