Kadi za Kavata

Kavata alikuwa na miaka kumi na mmoja alipoangukia moto wa jikoni, kijijini karibu na Migwani, mwaka wa 1962. Dadake alikuwapo, lakini alibaki mlangoni akipiga mayowe. Watoto wote walikuwa wameambiwa kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, nawe utaanguka. Mama yao alipofika mbio kutoka shambani, mkono wa kushoto wa Kavata ulikuwa umeungua hadi kwenye kiwiko.

Shule iliishia hapo. Babake alimpeleka kwa mganga mmoja, kisha mwingine. Mbuzi walipungua, kuanguka hakukupungua. Kavata alijifunza kusuka vikapu vya vyondo huku ameshika nyuzi za mkonge kwa vidole vya mguu. Kuteka maji hakutumwa tena, wala kupika.

Mwaka wa 1975 alianguka sokoni. Watu walirudi nyuma, isipokuwa Ndolo, mhudumu mpya wa zahanati. Alipiga magoti, akamlaza ubavu, akampangusa povu kwa leso yake, akaikunja na kuitia mfukoni. Habari ya leso ile ilizungumzwa wiki nzima. Kavata alipopata nguvu, alipewa vidonge vyeupe vya fenobabitoni.

"Kimoja kila jioni," Ndolo alimwambia. "Usiache hata ukijiona umepona."

Hakuanguka miaka minne. Kisha Ndolo akahamishwa, na dawa ikakosekana zahanati. Kavata alikata vidonge vilivyobaki nusu nusu, halafu robo robo. Vilipokwisha, alianguka mara nyingi siku moja bila kupata fahamu katikati. Majirani walimbeba kwa kitanda hadi barabarani, wakasimamisha lori la mchanga, akafikishwa hospitali moja mjini Kitui. Alilazwa wiki mbili.

Siku ya kutoka, muuguzi alimpa kadi ya kuchukulia dawa, na dawa ya mwezi mmoja.

"Sista, kwetu ni mbali. Nipe ya miezi mitatu."

"Haturuhusiwi, mama. Je, ukimeza vidonge vyote siku moja?"

Kavata aliinua mkono wake wa kushoto. "Ningetaka kufa, moto ungenitosha."

Muuguzi aliutazama ule mkono, akahesabu vidonge vya miezi miwili.

Tangu hapo Kavata alisafiri kwa basi kila miezi miwili. Watu wenye kifafa walianza kumfuata kwa njia za nyuma ya mashamba, wasionekane, wakimpa kadi zao awachukulie dawa. Kufikia mwaka wa 1982 alikuwa akibeba kadi tano.

Mwaka huo alikuja Muthama, mzee wa kanisa. Ndiye aliyewahi kuwaambia waumini kwamba Kavata ana pepo, asikae kwenye benchi na watoto. Alisimama uani, kofia mkononi.

"Kavata, Kaluki wangu anaanguka."

Kavata alidhani Kaluki aliolewa zamani. Kumbe alikuwa ndani ya nyumba ya babake miaka tisa.

"Nikupe kadi gani?" Muthama aliuliza.

"Hakuna kadi. Mara ya kwanza lazima daktari amwone mwenyewe."

"Watu watamwona kwa basi."

"Watamwona. Mimi wameniona miaka ishirini."

Kavata alikuwa na hasira, na alijua angeweza kuisema yote siku ile. Alimwambia tu basi linapita saa moja asubuhi Alhamisi.

Alhamisi walikuja wote wawili, Kaluki akijikinga macho kwa kiganja kwa sababu ya jua. Kavata alimweka karibu na dirisha.

Vidonge vilimsaidia Kaluki, ingawa aliendelea kuanguka mara moja moja. Baadaye aliolewa Mwingi. Muthama hakuwahi kuomba msamaha; alimpisha Kavata kwenye benchi la mbele, naye Kavata akaendelea kukaa nyuma alikozoea.

Mwaka wa 1991 zahanati ilianza tena kupata fenobabitoni, ila si kila mwezi. Miezi ambayo dawa haikufika, Kavata alipanda basi.