Siku Nilipomchagua Shangazi

Chekeni tu, mimi nishazoea, lakini aibu niliyoipata siku ya kupeleka mahari kwa kina Mwende, pale Makadara, bado ikinijia najifunika blanketi.

Kisa ni vidonge. Daktari alikuwa ananihamisha kutoka dawa yangu ya zamani ya kifafa (ilikuwa inanilaza hadi kazini) kwenda nyingine mpya, akaniambia nianze na nusu kidonge, jioni, niongeze polepole. Mwende alijua nina kifafa. Babake hakujua, na nilitaka ajue tukishakubaliwa, kwa hivyo asubuhi hiyo, kwa akili zangu nyingi, nikameza viwili vizima ili nisije nikaanguka mbele ya wakwe.

Saa sita tuko sebuleni kwao, wanaletwa wanawake wanne wamefunikwa leso gubigubi, nimchague wangu, nikikosea faini ni mbuzi. Mimi sina wasiwasi, maana tulikuwa tumepanga Mwende aache kidole kimoja cha mguu nje, amekipaka rangi nyekundu. Kuangalia hivi, naona wanawake wanane. Vidole vyekundu viwili. Sakafu nayo inapanda na kushuka, mjomba wangu ananisukuma, "Enda basi, unaogopa nini?", nikaenda upande upande, nikakumbatia mmoja kwa nguvu zote (nilihitaji kitu cha kushika), tukaanguka naye kwa kochi, leso ikatoka, kumbe ni shangazi yake, mama wa miaka sitini na kitu.

Watu walicheka. Babake hakucheka, yeye ni mzee wa kanisa na pombe hataki hata kuisikia.

"Huyu amelewa," akasema, akasimama. "Rudini na mbuzi wenu."

Hapo nikaona Mwende ananitoka hivi hivi. Nikasema yote, bado nimekalia miguu ya shangazi: kifafa, vidonge, vidole viwili. Mwende akajifunua mwenyewe, akaja akanishika mkono.

Mzee akatuangalia sana. "Daktari alisema umeze ngapi?"

"Nusu, baba."

"Na ukameza viwili." Akaketi. "Ugonjwa si kosa, ungeniambia tangu mwanzo. Mpeni maji, alale kwanza, halafu tuendelee."

"Aendelee na nani?" shangazi akauliza. "Mimi nishachaguliwa."

Hadi leo huniita bwanangu mbele za watu. Mbuzi wa faini nilimtoa, na dawa sijapima tena kwa akili zangu, nameza kama ilivyoandikwa, Mwende amesimama hapo na glasi ya maji, ananiambia nifungue mkono aone ni ngapi.