Mpaka Kaka Afike London

Enzi zetu hapa Tororo, ninyi mliozaliwa juzi na simu mkononi, safari ilikuwa safari. Lori la Baba likienda Busia na mvua imenyesha, tulimwekea chakula cha jioni, na asubuhi tukakila wenyewe. Kwa hiyo kaka yangu Juma alipopata nafasi ya kusoma London, nyumba nzima ilianza kupiga hesabu za umbali.

Juma alisema ndege inaruka Entebbe jioni, na asubuhi anakunywa chai London. Nyanya, mama yake Baba, alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Yeye aliwahi kwenda Mombasa kwa gari la moshi, akalala njiani, akaamka, akalala tena, makalio yakafa ganzi. Na London, kila mtu anajua, iko mbele ya Mombasa. Juma akamletea ramani, akapima kwa shubiri. Nyanya akamwuliza, kama ni shubiri moja tu, ndege ya nini, si aende kwa baiskeli.

Sasa, kwetu nyumba aliyotoka msafiri haikufagiliwa mpaka afike. Ukifagia, unamfagia na yeye, asionekane tena. Mtu akienda Nagongera, ufagio ulipumzika mpaka adhuhuri. Lakini wa London, Nyanya alikata shauri kwamba atafika mwezi ukiandama, akaukalia ufagio. Telegramu ilipokuja kwamba Juma amefika salama, Baba alimsomea polepole. Nyanya akasema, "Karatasi imefika. Mtu bado yuko njiani."

Balaa ni kwamba wiki hiyohiyo watu wa Busia walikuwa wanakuja kumposea kijana wao dada yangu Zaituni, na mama wa kijana alikuwa na sifa zake: ilisemwa kwake hata kuku hunawa miguu. Kwetu maganda ya karanga yalikuwa yametanda sebule nzima, na jogoo na matetea wake wameshajiona wenye nyumba. Zaituni alimpenda yule kijana kweli kweli. Alilia, akasusa chakula, akaomba walau sebule tu ifagiliwe. Mama alitamani kumsaidia, lakini nani angempokonya mama mkwe ufagio alioukalia?

Wakaja. Yule mama aliingia, maganda yakalia chini ya viatu vyake, akasimama. Akauliza, kwa upole wa kutisha, kama nyumba hii ina binti au haina. Zaituni, nyuma ya pazia, alijua posa imekufa.

Nyanya hakuinuka. "Mjukuu wangu yuko angani, mama. Hatufagii mpaka atue."

Mgeni akakusanya kanga yake, akaketi palepale juu ya maganda.

"Wangu wa kwanza alipokwenda Nairobi," akasema, "nilifagia kabla vumbi la gari halijatulia. Mpaka leo sijamwona."

Posa ilikubaliwa chai ikiwa bado ya moto. Yule mama alisema anamtaka binti wa watu wanaojua kungoja. Mwezi ulipoandama tulifagia kutwa nzima, tukaokota hata mayai.

Majuzi mjukuu wangu amekwenda London hiyohiyo. Msichana wa kazi alipiga deki gari likiwa bado getini. Asubuhi nilikuwa ningali nimenuna, simu ikalia: Nyanya, nimefika, kuna baridi. Nilifurahi, Mungu shahidi wangu. Lakini niliumia kidogo pia. Mtoto amefika kabla sijaanza kumngoja.