Tairi Mbili za Mbele

Niliondoka Kizuka kwenda Bujumbura kwa sababu tairi za mbele za trekta la ushirika wetu zilikuwa zimekwisha, na kwa sababu mwenyekiti alisema mbele ya wanachama wote kwamba kumtuma mwanamke akachague tairi ni sawa na kumweka mbuzi alinde mihogo. Watu walicheka. Mimi ndiye dereva wa trekta hilo. Naitwa Hadija, mzaliwa wa Rumonge mjini, nimeolewa Kizuka, na usukani ule nimeushika mimi tangu trekta lilipoletwa. Kikao kikaamua kwamba trekta lisipoingia shambani kabla mvua haijashika, litakodishwa kwa mfanyabiashara mmoja wa mawese, naye ana dereva wake. Hapo mimi ningerudi kwenye jembe la mkono. Nikasema nakwenda, na anayetaka kucheka acheke mpaka nirudi.

Niwaeleze kwanza trekta lenyewe. Ni dogo, la kupenya katikati ya michikichi, na linavuta kwa magurudumu yote manne. Barabara haimalizi tairi zake, zinamalizwa na makuti. Tukikata kuti la mchikichi, kishina chake chenye miba hulala majanini, na trekta hupita juu yake. Msimu uliopita, tairi ya mbele ilipochanika, mwenyekiti alileta tairi mbili za pikapu. Alizipima kama tunavyopima kila kitu kwetu: akasimamisha mpya kando ya kuukuu, akalaza ubao juu ya zote mbili, akafumba jicho moja, akasema zinalingana. Kulingana zikiwa zimesimama bure si kulingana zikiwa na mzigo. Mbele na nyuma zimefungwa pamoja kwa gia, na kila gurudumu lina mwendo wake liliopangiwa. Za pikapu zilibonyea, mwendo ukapotea, gia zikalia kutwa nzima kama mgonjwa wa jino. Nilizing'oa bila kumwomba mtu ruhusa, nikarudisha zile kuukuu na viraka vyake, na ndizo sasa zilikuwa zimefika mwisho.

Kabla ya kuondoka nilichukua uzi wa kushonea nyavu, ule mnene, nikauzungusha kwenye tairi ya mbele ya kushoto, ambayo meno yake yalikuwa bado yanaelewana na yale ya nyuma. Uzi ulipokutana nikapiga fundo hapo, liwe alama ya kipimo. Mume wangu akaniuliza kwa nini nisiende tu na namba iliyoandikwa ubavuni. Nikamwambia namba ninayo kichwani, lakini namba haijui tairi imelika kiasi gani.

Asubuhi nilipanda lori la mawese, nikakaa mbele karibu na dereva, madumu yakigongana nyuma yetu. Tulipita Gatete watu wakianika ndagala, dagaa wa ziwani, tukapita Minago. Mbele ya Minago ziwa limekula barabara, lori likapanda juu kwenye njia ya udongo, taratibu, mawimbi yakipiga pale tulipozoea kupita. Dereva aliposikia ninachofuata alinipa ushauri mwingi. Alisema nichukue kubwa kuliko zote, maana kubwa haidanganyi. Nikatia masikio pamba. Nikamshukuru tulipofika, kwa kuwa lori ni lake.

Bujumbura nilifikia mtaa wa Buyenzi kwa shangazi yangu Zaituna, mjane wa fundi magari, ambaye nyumba yake imezungukwa na magereji pande zote. Alinipikia wali na samaki wa mukeke, akanihoji kuhusu watoto, kisha kuhusu mwenyekiti. Nilipomsimulia habari ya mbuzi hakucheka. Aliniambia kesho twende pamoja kwa Bwana Nasoro, mwuza tairi, mtu wa ukoo wa Kiarabu uliokaa na duka mtaani hapo miaka mingi, lakini yeye Zaituna hatafungua mdomo. "Uchague weye," akasema. "Mutu akikuchagulia, utakuwa umemupa mwenyekiti haki yake."

Asubuhi ya pili tukaingia dukani. Bwana Nasoro alitusalimu kwa heshima, akaniuliza kazi ya trekta, udongo wa kwetu, miteremko, mzigo. Maswali ya mtu anayejua biashara yake. Kisha akatoa tairi mbili mpya, namba ileile, meno marefu meusi yenye harufu ya mpira, ubavu mnene wa kuzuia miba. Wallahi nilizipenda. Nilijiona nikiingia nazo Kizuka, watu wakinyamaza.

Nikatoa uzi wangu. Nikauzungusha. Fundo halikufika, ukabaki upana wa kiganja.

Nikazungusha tena nikiuvuta kwa nguvu, kiganja kikabaki kilekile. Nilihisi machozi, nisiwafiche. Tairi mpya ina meno yake yote, na zangu za nyuma zimelika nusu. Nikifunga hizi mbele, zitakimbia kuliko za nyuma, na gia zitalia vilevile kama kwa zile za pikapu. Nikamweleza hivyo, Bwana Nasoro akakubali. Akasema dawa ni kubadilisha zote nne. Nikamwambia ushirika umenituma kwa mbili, na za nyuma bado zina kazi. Basi akasema nichukue hizo mpya, niendeshe polepole, zitalika na kuzoeana.

"Zitazoeana mashamba yakiwa hayajalimwa," nikamjibu. "Una kuukuu?"

Alinitazama. Akasema mkataa pema pabaya panamwita, na kwamba miaka yote hiyo hajaona mteja aliyeshika mpya mkononi akaomba kuukuu. Lakini alitupeleka nyuma ya duka, mahali palipolala vyuma na magurudumu, na pale palikuwa na jozi iliyotoka kwenye trekta lililofia kwenye mashamba ya mpunga ya tambarare ya Imbo. Namba yetu. Meno nusu. Nilipitisha kidole gumba ubavuni kutafuta nyufa, nikaingiza mkono ndani kutafuta kiraka, nikazibonyeza kwa goti. Zilikuwa nzima. Uzi nikauzungusha kwenye ya kwanza, fundo likakaa mahali pake. Ya pili, vilevile, nikazilipia.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani shangazi akaufungua mdomo aliosema hataufungua. "Watakucheka, mutoto wangu."

"Wacheke," nikasema.

Kesho yake nikapata pikapu iendayo Rumonge. Ilifika Minago mafuta yakaisha, na siku hizi mafuta ni adimu, yakiisha ujue umefika. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya milima. Sikuweza kungoja. Nikatafuta waendesha baiskeli wawili wanaobeba madumu ya mawese, tukafunga tairi moja kwa kila baiskeli kwa mipira, mimi nikatembea nyuma yao, tukipanda nasukuma, tukishuka nakimbia. Gatete wanawake waliokaa na mihogo yao sokoni waliniuliza kama Buja, ndiyo Bujumbura, siku hizi kunauzwa takataka. Nikawajibu ndiyo, na nimechagua iliyo nzuri. Walicheka, nami nikacheka, na moyoni nilikuwa nimekasirika kweli.

Tulifika Kizuka mchana. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha alfajiri, kidogo tu, ya kutelezesha. Watu walikuwa uwanjani kwa ushirika, na pamoja nao dereva wa yule mfanyabiashara, ameegemea trekta langu amekunja mikono. Kumbe wameshamwita. Mwenyekiti akazishika tairi, akazigeuza, akawageukia watu.

"Tumemutuma Buja," akasema, "amerudi na pine zenye zimeshazeeka. Hadija, leta ufunguo."

Ufunguo nilikuwa nao shingoni. Nilimwambia nitautoa nikishindwa, si kabla. Nikachukua jeki na spana, nikafunga tairi mwenyewe, meno yakielekea upande unaoonyeshwa na mshale wa ubavuni, huku wote wamesimama juu yangu bila mtu kunyoosha mkono. Kisha nikawaomba wajaze tela mikungu ya chikichi. Walijaza, tena kwa furaha, wakijua ninaelekea wapi: kile kilima cha nyuma ya kinu cha mawese, ambacho trekta letu halijakipanda na mzigo tangu siku ya tairi za pikapu.

Nikawasha. Nikaingiza gia ya magurudumu manne. Mwanzoni tope lilirushwa, tela likavutwa pembeni, nikasikia mtu anasema si mumeona. Sikuachia mafuta. Meno yakashika, mbele na nyuma pamoja, na trekta likaanza kupanda kwa sauti moja nzito, bila mlio wa gia hata mmoja. Yule dereva wa mfanyabiashara akakunjua mikono. Alitembea kando yangu mpaka juu akisikiliza, kisha akamwambia mwenyekiti kwa adabu kwamba yeye anarudi kwao.

Nilichojifunza safari hii hakihitaji shule. Kitu kipya kinaweza kukuharibia, na kuukuu kikakufaa, ikiwa kinaelewana na vile ulivyonavyo. La pili nimejifunza kwa uchungu zaidi: ukijua kazi yako, usingoje watu waache kucheka ndipo uifanye. Hawataacha, na mvua haiwangojei.

Mwenyekiti alipanda kilima kwa miguu, anahema, viatu mkononi. Hakuniomba radhi. Alisema kazi nzuri, sasa nishuke na trekta, nianze na shamba lake, maana liko karibu na barabara.

Nikamwambia, nikiwa nimekaa palepale juu ya kiti, kwamba naanza na wanawake wanaolima kwa jembe la mkono, mmoja baada ya mwingine mpaka waishe, na yeye nitamfikia.

Akaniuliza nani amepanga hivyo.

"Dereva," nikasema, nikaachia breki.